Pampu ya maji ya gari kuukuu: Jinsi ya kuibadilisha nyumbani

MATONE machache ya maji chini ya gari asubuhi hupuuzwa na wengi. Hata hivyo, mwenye Toyota HiAce ya zamani, ile ambayo Wakenya huiita Shark, hana budi kuyachunguza, kwani huenda yanatoka kwenye tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu ya maji. Tundu hilo liliwekwa makusudi na watengenezaji ili sili ya ndani inapochakaa, maji yatiririke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Onyo hilo likipuuzwa, beringi huota kutu, feni huanza kuyumba na mwishowe inaweza kuichana rejeta.

Magari hayo yaliundwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, na mengi yaliyoletwa nchini yalikuwa na injini za dizeli za 2L, 3L na 5L. Yaliyosalia barabarani leo ni makuukuu, na aghalabu ndiyo riziki ya mwenyewe, akibeba abiria au mboga za sokoni.

Hatari kubwa si kupotea kwa maji yenyewe. Kichwa cha injini hizi ni cha alumini ilhali bloki ni ya chuma, na alumini hupanuka zaidi inapopata joto. Injini ikichemka kupita kiasi, kichwa hupinda au kupasuka, na gharama yake haikaribiani hata kidogo na bei ya pampu. Isitoshe, maji huchemka kwa nyuzi 100 kule Mombasa, lakini jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Mfuniko wa rejeta huyazuia yasichemke mapema kwa kuhifadhi shinikizo. Pampu inayovuja hulipoteza shinikizo hilo, ndiposa magari mengi hukwama kwenye mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru.

Habari njema ni kuwa pampu ya injini hizi huzungushwa na mshipi wa feni ulio nje. Katika injini ambazo pampu huzungushwa na mshipi wa ndani, ule wa kupanga mwendo wa vali, ni busara kumwachia fundi mwenye uzoefu.

Kazi huanza injini ikiwa baridi kabisa. Kufungua mfuniko ukiwa moto kumewaunguza wengi nyuso. Magurudumu huzuiwa kwa mawe, waya wa hasi wa betri hutolewa na kiti cha mbele huinuliwa, kwani injini iko chini yake. Maji humwagwa ndani ya beseni, wala si mchangani: dawa ya kupoza injini ni tamu mdomoni lakini ni sumu kwa watoto na mbwa.

Nati za feni hulegezwa kabla mshipi haujatolewa, maana mshipi ndio unaoizuia puli isizunguke. Feni ikishatoka, husimamishwa wima ili mafuta yaliyo ndani ya klachi yake yasivuje. Kisha altaneta hulegezwa, mshipi hutolewa, na bolti za pampu hufunguliwa moja baada ya nyingine. Bolti hizo hazilingani urefu. Mwenye hekima huchora umbo la pampu kwenye kipande cha katoni na kuchomeka kila bolti mahali pake.

Pampu kuukuu ipelekwe dukani, iwe ni Barabara ya Kirinyaga au kwingineko, ilinganishwe na mpya ana kwa ana, kwa sababu vipuri bandia ni vingi. Izungushwe kwa mkono: isikwaruze wala kuyumba.

Hatua inayoharibiwa zaidi ni usafishaji. Mabaki ya gasketi ya zamani yakwanguliwe taratibu pasipo kuikwaruza bloki, kwani mkwaruzo mmoja watosha kuleta uvujaji upya. Wengi hudhani silikoni nyingi itafidia uchafu, kumbe vipande vyake hukatika na kuziba rejeta. Bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, si upande mmoja kwanza.

Mfumo hujazwa maji safi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kupoza. Maji ya kisima yenye chumvi huacha utando ndani ya rejeta. Injini hungurumishwa polepole mfuniko ukiwa wazi, kidhibiti cha joto ndani ya gari kikiwa mwisho, hadi viputo vya hewa viishe na bomba la juu la rejeta lipate moto. Sindano ya joto ikipanda ghafla, injini izimwe mara moja, na maji baridi yasimwagwe ndani yake ingali moto.

Kesho yake asubuhi, kabla ya safari, kiwango cha maji hukaguliwa tena. Mshipi ukiwa mpya, hukazwa upya baada ya siku chache kwa kuwa hulegea.