Asali ya Mafirauni: Nani Aliionja?

Tangu tukiwa kidato cha pili tumesimuliwa kuwa asali iliyofukuliwa makaburini Misri ililiwa baada ya miaka 3,000, tamu kama ya jana. Simulizi lenyewe halimtaji mlaji, wala kaburi, wala mwaka.

Katika kaburi la Tutankhamun, alilolifungua Howard Carter mwaka 1922, ilikuwamo mitungi iliyoandikwa kuwa ni ya asali. Mkemia Alfred Lucas alipoichunguza alikuta masalia kidogo tu. Maandishi ya mtungi husema kilichotiwa, hayasemi kilichobaki.

Asali yenyewe siikosei adabu. Maji yake ni kama asilimia 17, nayo ina asidi, basi vijidudu havizaliani humo. Lakini huvuta unyevu wa hewa, na ikizidiwa na maji huchacha. Wapishi wa wanzuki wanalijua hilo kuliko sisi wenye vyeti.

Chakula cha kale kilichothibitishwa kipo. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba donge jeupe kutoka kaburi la Ptahmes, huko Saqqara, ni jibini la miaka kama 3,200. Walizipima protini zake, wakatambua maziwa. Wakakuta pia dalili za vijidudu vya brusela. Anayetamani kuonja na aanze na hilo.