Chumba Kimoja, Watu Wawili: Mtandao Ukikata Nani Anashinda?

Mtandao ukikata leo unaandika meseji, unabonyeza kutuma, kile kialama cha saa kinabaki pale na maisha yanaendelea. Inaonekana kitu cha kawaida tu. Ila kuna jamaa waliumiza sana kichwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mambo kama haya.

Ilikuwa Palo Alto, California, kwenye maabara ya Xerox PARC, ileile iliyoleta Etherneti na printa ya leza. Kompyuta za kubeba zilishaingia mikononi mwa watu, lakini mtandao usio na waya ulikuwa wa kubahatisha. Timu moja pale ikaunda mfumo ulioitwa Bayou, na mwaka 1995 ikautangaza kwa andiko linalosomwa hadi leo.

Mfano wao ulikuwa wa ofisini kabisa: kushika chumba cha mkutano. Chukulia dada yuko kwenye ndege, anashika chumba saa nne asubuhi. Kaka fulani yuko safarini, hana mtandao, naye anashika saa nne ileile. Kila mashine inaona chumba kiko wazi, na hakuna aliyekosea. Balaa linaanza mashine zikikutana.

Njia ya mkato ni kusema aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Sawa, lakini mwenzake anafutwa kimyakimya, halafu anakuja na wageni wake anakuta watu wamekaa. Tena saa za mashine zenyewe haziendi sawa!

Bayou ikaja na akili nyingine. Kila ombi linabeba mpango wake wa pili: kama saa nne imechukuliwa, nipe saa saba. Mashine zinapeana habari mbilimbili zikikutana, hata bila ofisi nzima kuwa hewani. Seva moja tu ndiyo yenye neno la mwisho. Kabla haijasema, ombi lako ni la muda, na kioo kinaweza kulionyesha kwa rangi tofauti. Hapo ndipo penye utamu: mashine haijifanyi inajua.

Mwaka 2007 Amazon walieleza mfumo wao wa Dynamo, uliobeba vikapu vya wateja. Wao waliapa kutopoteza bidhaa uliyoongeza, gharama yake ikawa bidhaa uliyoifuta kuweza kurudi kikapuni kama mzimu.

Mwaka 2011 watafiti kutoka Ufaransa na Ureno wakaweka wazi aina za data zisizohitaji bosi kabisa. Idadi ya laiki, kwa mfano, inajumlishika hata habari zikifika shaghalabaghala, na kila simu inaishia kwenye jibu moja.

Chumba cha saa nne hakijumlishiki. Hapo bado lazima awepo wa kuamua, na mmoja wao ahamie saa saba.