Chanjo ya Influenza za Aina Zote: Kwa Nini Afrika Mashariki Itangulize Muda wa Kinga

Mara mbili kila mwaka, Februari na Septemba, wataalamu wanaoitwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) hukaa kuchagua virusi vya influenza vitakavyoingizwa katika chanjo ya msimu ujao. Kikao cha Februari huamua kwa niaba ya kaskazini mwa dunia, cha Septemba kwa niaba ya kusini. Viwanda hupewa miezi 6 hivi, maana sehemu kubwa ya chanjo hii bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na katika miezi hiyo kirusi hakisubiri. Mwaka 2014 kirusi cha H3N2 kilibadilika baada ya uamuzi kupita, na chanjo iliyotolewa Marekani katika majira yale ya baridi ikapunguza ugonjwa kwa takriban asilimia 19 tu. Hata miaka ambayo uchaguzi umelenga vizuri, kinga huwa kati ya asilimia 40 na 60.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta chanjo moja itakayokinga dhidi ya influenza za aina zote, zilizopo na zitakazozuka. Matumaini hayo yana msingi. Makala hii, hata hivyo, inadai kwamba sifa inayotangazwa zaidi, yaani wingi wa aina za virusi zitakazozuiwa, siyo ya kwanza kwa nchi zetu. Ya kwanza ni muda ambao kinga itadumu, na hasa kinga inayojengwa mapema utotoni. Tusipolidai hilo sasa, wakati vigezo vya majaribio vinapangwa, tutaletewa chanjo bora isiyotufaa.

Tuanze na msingi wenyewe. Juu ya kirusi cha influenza zimechomoza protini mbili: hemaglutinini, ambayo kwayo kirusi hujishikiza kwenye seli za njia ya hewa, na neuraminidasi, inayovisaidia virusi vipya kujitoa kwenye seli na kuenea. Herufi H na N katika majina kama H1N1 zimetoka hapo. Hemaglutinini ina umbo mithili ya uyoga, kichwa kipana juu ya shina jembamba. Mwili unapokutana na kirusi, kingamwili nyingi huelekea kichwani, sehemu iliyo wazi zaidi. Kwa bahati mbaya kichwa ndicho kinachobadilika kwa wepesi: asidi amino chache zikibadilika, kingamwili za mwaka jana hazishiki tena. Shina lina kazi isiyovumilia mabadiliko mengi. Ndilo linalounganisha utando wa kirusi na utando wa seli ili chembe za urithi za kirusi ziingie ndani. Likibadilika ovyo, kirusi hakiingii, na kisichoingia hakizaliani.

Mwaka 1993 watafiti wa Osaka, Japani, walieleza kingamwili iliyotokana na panya, iliyozuia virusi vya H1 na H2 kwa pamoja kwa kulishika shina. Ilichukua miaka 15 hivi kabla fani nzima haijaufuata ugunduzi huo kwa nguvu, pale vikundi kadhaa vilipopata kingamwili za binadamu zenye uwezo kama huo. Tangu hapo mbinu zimezaana. Katika kitivo cha tiba cha Mount Sinai, New York, watafiti waliunda hemaglutinini zenye shina lile lile la H1 lakini vichwa vya kigeni ambavyo mwili wa mtu haujawahi kuviona. Dozi ya pili inapokuja na kichwa kingine, kumbukumbu ya mwili haina pa kushika ila shina. Matokeo ya awamu ya kwanza ya majaribio kwa binadamu, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha kingamwili za shina zikidumu kwa angalau miezi 18. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitumia teknolojia ya mRNA kuweka hemaglutinini 20 tofauti katika chanjo moja, wakaijaribu kwa panya na wanyama wengine wa maabara.

Kushindwa nako kupo. Mwaka 2020, chanjo iliyoitwa M-001, iliyokusanya vipande vya protini za kirusi visivyobadilika sana, ilimaliza awamu ya tatu kwa watu zaidi ya 12,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Haikupunguza ugonjwa. Shina nalo si ngome isiyovunjika: majaribio ya maabara yameonyesha kwamba shina la H3 linaweza kuzikwepa kingamwili kwa urahisi kuliko lile la H1. Anayeahidi kirusi kitaishiwa njia hajakisoma vya kutosha.

Sasa tutazame vigezo. Mwaka 2018 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia utafiti wa maradhi ya kuambukiza, NIAID, ilitaja lengo lake: kinga ya angalau asilimia 75, dhidi ya makundi yote mawili ya influenza A, kwa watu wa rika zote, kwa muda wa angalau mwaka 1. Mwaka mmoja tu. WHO, katika sifa ilizopendekeza 2017, ililenga kwamba kufikia 2027 ziwepo chanjo zinazozuia ugonjwa mkali wa influenza A kwa angalau miaka 5 na zinazofaa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Tofauti ya mwaka 1 na miaka 5 ndiyo inayoamua kama chanjo hii itamfikia mtoto wa Kigoma au Turkana.

Chanjo ya kila mwaka imejengwa juu ya dhana ya majira ya baridi. Yajulikana ugonjwa utapanda lini, kwa hiyo watu huchanjwa wiki chache kabla. Karibu na ikweta hatuna majira hayo. Ufuatiliaji wa miaka mingi Kenya, Tanzania na Uganda umeonyesha influenza ikizunguka karibu mwaka mzima, ikipanda na kushuka bila ratiba moja. Hatuna jibu rahisi hata la swali la chanjo ipi tutumie, ya Februari au ya Septemba. Si ajabu kwamba chanjo ya influenza haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu, na kwamba wanaoisikia ni pamoja na mahujaji, wanaohimizwa na Saudi Arabia kuchanjwa kabla ya safari. Chanjo itakayozuia aina 20 lakini irudiwe kila mwaka itagonga ukuta ule ule.

Tulicho nacho, na ambacho tajiri yeyote angekionea fahari, ni kliniki ya watoto. Asubuhi mama yuko kwenye benchi na kadi mkononi, mtoto anatundikwa kwenye mizani ya kuning'inia, muuguzi anafungua kibeba chanjo chenye vipande vya barafu, anatazama alama ya joto kwenye kichupa kabla ya kuvuta dozi. Ziara ya miezi 9, ya chanjo ya surua, inajulikana hadi vijijini. Chanjo ya influenza inayodumu miaka 5 ingeweza kupanda gari hilo bila kujengewa lingine.

Sababu ya kisayansi ya kuanza utotoni ni nzito kuliko hiyo ya uendeshaji. Mwaka 1960 Thomas Francis alieleza kwamba influenza ya kwanza maishani huacha alama ya kudumu katika kinga ya mtu. Uchambuzi uliochapishwa 2016 ulilipa wazo hilo uzito mpya: homa ya ndege ya H5N1 iliwaathiri zaidi vijana, ilhali ya H7N9 iliwaathiri zaidi wazee, na mpaka kati ya makundi hayo ulikuwa mwaka wa kuzaliwa 1968. Waliozaliwa kabla yake walikutana kwanza na H1 au H2, jamaa za H5. Waliofuata wengi walianza na H3, jamaa ya H7. Ikiwa ndivyo, nafasi nzuri zaidi ya kuifundisha kinga kulitambua shina ni kabla kirusi chenyewe hakijafika. Kwa mtu mzima tunashindana na kumbukumbu iliyokwisha kuandikwa.

Lakini hilo halitathibitishwa kwa watu wazima wa miji ya Ulaya na Marekani. Chanjo ya malaria ya RTS,S imetufundisha. Ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika, Kilifi, Korogwe na Bagamoyo zikiwemo. Matokeo ya mwisho ya 2015 yalionyesha kwamba waliopata dozi 4 wakianza wakiwa na miezi 5 hadi 17 walipata kinga ya takriban asilimia 36. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 walipata 26 tu, na kinga ilipungua kadiri miaka ilivyopita. Tofauti hiyo ya umri isingeonekana bila watoto hao kufuatiliwa hapa hapa, kwa miaka.

Yapo mabishano kwamba influenza si kipaumbele chetu. Wanaosema hivyo wana haki kutaja malaria na nimonia. Lakini udogo wa tatizo unatokana kwa kiasi na udogo wa vipimo. Janga la H1N1 la 2009 lilithibitishwa maabara kuua watu 18,500 duniani. Makadirio yaliyochapishwa 2012 yalifika 284,000, na zaidi ya nusu walikuwa Afrika na Asia ya Kusini Mashariki. Na tangu Machi 2024 H5N1 imegunduliwa katika ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, mnyama ambaye wengi hawakumtarajia.

Maabara za influenza za Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam zipo, na uzoefu wa majaribio ya watoto upo. Kinachobaki ni masharti. Wafadhili watakapoleta mapendekezo yao, kamati zetu za maadili ya utafiti zidai kwamba watoto wa chini ya mwaka 1 waingie mapema mara usalama ukishathibitishwa, damu ipimwe kingamwili za shina kabla na baada ya maambukizo ya kwanza, na bajeti ya kuwafuatilia hadi mwaka wa 5 iwe imewekwa kabla ya dozi ya kwanza kutolewa.