Jaji Joseph Warioba: Mwanasheria katika Siasa

Mwaka 2012 waamini wa Bonde la Kilombero walishuhudia mambo mawili. Mwezi Januari, Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliunda Jimbo letu la Ifakara kutoka Jimbo la Mahenge. Mwezi Aprili iliapishwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Sinde Warioba.

Mzaliwa huyu wa Bunda (1940) alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, akawa wakili wa serikali, kisha Mwanasheria Mkuu kuanzia 1976 hadi 1983. Enzi hizo mashtaka ya jinai yalisimamiwa chini ya ofisi hiyo, ambayo mwenyewe huketi pia Bungeni. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, na kati ya 1985 na 1990 Waziri Mkuu.

Kwetu sisi, kuunganisha mashtaka na siasa si jambo dogo. Mkulima wa mpunga wa Mang'ula huguswa na uamuzi wa kumshtaki mtu, au kumwacha, kuliko hotuba nyingi za Bungeni. Ndiyo maana Ibara ya 59B ya Katiba, iliyoongezwa mwaka 2005, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma.

Mwaka 1995 Warioba alishindwa ubunge wa Bunda na Stephen Wasira. Alikwenda mahakamani, na matokeo yakatenguliwa. Mwaka uliofuata Rais Mkapa alimkabidhi Tume ya kuchunguza rushwa. Taarifa yake ilitofautisha rushwa ndogo ya mwenye kipato duni na rushwa kubwa ya mwenye tamaa. Katekisimu (2409) haimpi udhuru yeyote anayepotosha maamuzi ya wanaopaswa kuamua kwa sheria.

Machi 2014 aliwasilisha Rasimu mbele ya Bunge Maalumu, Dodoma. Ilipendekeza serikali tatu, mawaziri wasiwe wabunge, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao. Bunge Maalumu likabadilisha mengi, likibakiza serikali mbili. Novemba mwaka huo alishambuliwa katika mdahalo pale Ubungo, Dar es Salaam, lakini hakuacha kusema hadharani. Kura ya maoni haikufanyika, na Katiba ya 1977, iliyopitishwa yeye akiwa Mwanasheria Mkuu, ingali inatumika.