Njia ya Kupitisha Wageni

Wageni wakija kambini kwetu, njia ya kuwapitisha inajulikana. Gari linasimama ofisini, wanasaini kitabu, kisha wanapelekwa kwenye bomba la maji pale foleni ya madumu ni ndefu. Kutoka hapo wanaenda kwa mama mmoja ambaye shitingi yake imechanika, halafu kwenye darasa ambalo watoto wanakaa chini. Saa saba wameshaondoka. Miaka miwili sasa na mimi ni mmoja wa wanaotembea mbele yao, juu nafanya kazi na vijana na najua lugha nne. Kwa fundi anayetengeneza redio hatuwapitishi. Kwenye kwaya hatuwapitishi. Mwaka jana yule mama aliniuliza, na hakuwa anatania: "Mwanangu, siku wakinipa mabati, mutaendelea kuleta watu kwangu?"

Sikuwa na jibu. Baadaye kijana mmoja aliyekuwa kwenye kikundi chetu, ambaye familia yake ilipelekwa California, alinitumia picha. Amesimama chini ya lango la kijani lenye madragoni juu yake, katika mji wa San Francisco. Aliandika: "Kaka, hii ni China ya Marekani. Watalii wamejaa hapa kuliko wenyeji." Mtaa wenyewe unaitwa Chinatown, yaani mji wa Wachina. Nikaanza kusoma habari zake kwenye simu, usiku baada ya usiku, na kumbe swali la yule mama liliwahi kuulizwa kule zamani kwa namna nyingine.

Wachina walianza kufika California kwa wingi wakati watu walipokimbilia dhahabu, mwaka 1849 na kuendelea. Wengi walitoka Guangdong, kusini mwa China. Baada ya dhahabu, maelfu yao wakajenga reli iliyounganisha magharibi ya Marekani na mashariki, ambayo ilikamilika mwaka 1869. Kazi ilipokuwepo walitakiwa. Kazi ilipoadimika wakaambiwa wanakula riziki ya wenyeji. Mwaka 1877 makundi ya watu yalishambulia madobi ya Wachina San Francisco, na mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Msomaji wa jarida hili nadhani hahitaji nimwelezee zaidi hapo.

Walijibana katika mitaa michache kuzunguka uwanja wa Portsmouth. Humo kulikuwa na maduka ya chai na ya dawa za mizizi, mahekalu, magazeti ya Kichina, majumba ya maigizo. Kulikuwa na vyama vya watu waliotoka wilaya moja. Mgeni akishuka melini, chama kinampokea na kumtafutia pa kulala. Akifa, mifupa yake inarudishwa kwao. Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo, nikafikiria michango yetu ya misiba.

Ila mtalii hakuletwa kuona chama cha misiba. Miaka ya 1880 na 1890 kutembelea Chinatown kulikuwa jambo la lazima kwa mtu aliyefika San Francisco. Ushauri aliopewa ulikuwa huu: nenda usiku, na usiende peke yako, tafuta mwongozaji, ikiwezekana polisi. Mwongozaji alikuwa mzungu, mara nyingi polisi au aliyewahi kuwa polisi. Aliwashusha wateja wake kwenye vyumba vya chini, penye giza, akawaonyesha watu waliolala wakivuta kasumba. Nasema kasumba yenyewe ya kuvuta, si ile tunayoitaja tukisema kasumba ya kikoloni. Ingawa nikifikiri vizuri, safari zile zilikuwa na zote mbili.

Sitaki kudanganya. Kasumba ilikuwepo, kamari ilikuwepo, na wanawake waliouzwa walikuwepo, na hilo la mwisho lilikuwa jambo baya sana. Lakini mwongozaji hakuwa na subira ya kungoja ukweli utokee. Mteja amelipa, usiku ni mmoja, lazima aone kitu. Kwa hiyo waongozaji wengine walilipa watu waigize. Kule New York, ambako nako kuna Chinatown, mzungu mmoja wa asili ya Ireland aliyeitwa Chuck Connors alipata jina kubwa kwa kazi hiyo. Magazeti yalimwita meya wa Chinatown, na yeye hata Mchina si. Aliwapeleka watalii kwenye chumba cha kasumba cha kuigiza, wavutaji wakiwa wamelipwa walale pale. Wageni walirudi hotelini wakitetemeka, wameridhika.

Hapo ndipo ninapokasirika, na hasira yangu si juu ya uongo tu. Mtu aliyerudi nyumbani kwake na hadithi ya chumba cha giza ndiye huyo huyo aliyesikia mwanasiasa akisema Wachina wachafu, wafukuzwe, akakubali, maana ameona kwa macho yake. Mwaka 1900 mtu mmoja wa Chinatown alipokutwa amekufa na ikadhaniwa ni tauni, mtaa ulizungushiwa kamba. Wazungu waliokuwa ndani waliruhusiwa kutoka. Wachina walibaki.

Halafu ardhi ikatikisika. Tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri, tetemeko liliupiga mji wa San Francisco na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Chinatown yote iliungua. Watu wengi walikuwa wameaminishwa kwamba chini yake kuna mahandaki ya siri yanayokwenda mbali. Majengo yalipokuwa majivu, kila mtu akaweza kutazama. Vyumba vya chini vya kawaida, basi. Mahandaki hayakuwepo.

Wakubwa wa mji waliona hiyo ni nafasi. Walitaka Wachina wasirudi pale katikati, ambapo ardhi ina thamani, wahamishiwe Hunters Point, kule pembeni kabisa. Nani kati yetu hajawahi kusikia maneno hayo? Kuhamishwa kwenda mahali pengine "pazuri", mbali na soko. Lakini Wachina walikataa. Serikali ya China ilisema ubalozi wake mdogo utajengwa palepale. Wafanyabiashara wakakumbusha kwamba biashara na China inaweza kuhamia bandari nyingine, na wazungu wenye viwanja walitaka kodi zao. Mpango ukafa.

Mmoja wa wafanyabiashara hao aliitwa Look Tin Eli. Habari zake zinanigusa. Alizaliwa Mendocino, California, mwaka 1870, akapelekwa China akiwa mtoto kusoma. Aliporudi mwaka 1884, umri wa miaka 14, alizuiwa kuingia nchi aliyozaliwa. Kesi yake ilifika mahakamani, na jaji akaamua kwamba aliyezaliwa Marekani ni raia. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa mtu mzima mwenye fedha na kusema: tukijenga upya, tujenge kitu ambacho wageni watakuja kukiangalia wenyewe, mchana, bila polisi.

Waliajiri wachoraji wa majengo wazungu. Kwenye makutano ya Grant na California yakapanda majengo mawili, Sing Fat na Sing Chong, yenye minara ya pagoda, paa zilizopinda ncha na rangi kali. Nyumba za biashara Guangdong hazikuwa hivyo. Ilikuwa China ya kwenye kichwa cha Mmarekani, imejengwa na Wachina kwa makusudi. Mara ya kwanza nilidharau. Nikasema hawa nao wameigiza, kama walivyoigizwa na Connors. Nimebadili mawazo. Uigizaji wa kwanza uliwatia watu wengine pesa mfukoni na wao ukawaletea kamba. Huu wa pili uliwaachia mtaa. Hata hivyo una bei, maana nyuma ya pagoda familia nzima ziliendelea kuishi katika chumba kimoja, jiko na choo vya kushirikiana na jirani, na mtalii aliyepiga picha ya paa hakujua.

Wala giza halikukubali kufa. Mwaka 1915 San Francisco ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, na huko kukawekwa banda la burudani lililoitwa Chinatown ya Chini ya Ardhi, lenye sanamu za wavuta kasumba. Miaka tisa baada ya moto kuonyesha kwamba hakuna kitu chini! Wachina na maofisa wa China walilalamika mpaka likafungwa. Lilifunguliwa tena kwa jina jingine, bila kuwataja Wachina. Sheria ile ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, na hata hapo waliruhusiwa kuingia watu 105 tu kwa mwaka.

Siku hizi, miongoni mwa wanaopitisha wageni Chinatown kuna vijana wa mtaa wenyewe, wengine bado wako shule. Hawaanzii kwenye lango la madragoni. Wanaingia vichochoroni: Ross, ambako biskuti zenye karatasi ya bahati ndani zinakunjwa kwa mkono, Waverly, ambako ukitaka kuona hekalu la Tin How lazima upande ngazi mpaka juu, Spofford, ambako Sun Yat-sen aliyepindua ufalme wa China alikuwa na watu wake. Wanaeleza pia kuhusu vile vyumba vya familia moja na kodi inayopanda. Mgeni anaambiwa azungumze polepole na asielekeze kamera madirishani, kwa sababu watu wanaishi humo.

Niliwasomea vijana wetu habari hizi Jumamosi moja chini ya mwembe. Nilidhani wote watasema tubadili njia. Msichana mmoja alisema ndiyo, tuanze na fundi redio. Lakini mvulana mmoja, ambaye kwao hawajapata mabati, alisimama akasema: "Mukificha shitingi, nani ataleta mabati?" Tulibishana mpaka jua likazama, wengine wakaenda kuchota maji bila kuaga.

Nilienda kwa yule mama kumwambia ubishi wetu. Alikuwa anapepeta mchele. Alisema wageni waje tu, hakatai, ila safari hii watakaa chini kwenye mkeka, watakunywa chai, na yeye ndiye atakayeongea. Mimi nitatafsiri. Wanakuja Alhamisi. Amenituma sukari.