Familia ya watu 6 Disney World: Chumba kimoja au viwili?

Baba, mama na watoto wanne wakitaka kulala ndani ya Walt Disney World, Florida, shida inaanzia kwenye vitanda. Chumba cha kawaida katika hoteli zake za bei nafuu kinachukua watu 4 tu. Mtoto wa miaka 3 naye anahesabiwa. Aliye chini ya hapo anaweza kuongezwa kwenye kitanda cha kichanga.

Njia ni mbili:

Suti ya familia: Zipo Art of Animation, iliyofunguliwa 2012, na All-Star Music. Inalaza watu 6, ina mabafu 2, friji na maikrowevu.

Vyumba 2: Mara nyingi jumla yake huwa chini ya bei ya suti. Ila kila chumba lazima kiandikishwe mtu wa miaka 18 au zaidi, hivyo wazazi watagawana watoto. Vyumba vyenye mlango wa kati viombwe mapema, wakati wa kubuki.

Na bibi je? Bei ya chumba inahesabu watu wazima 2. Wa tatu anaongeza gharama kila usiku, kwa hiyo aandikwe kabla ya kulinganisha bei, si baada ya kulipa.