Kutengana, Talaka na Ubatili: Habari ya Kaisari Napoleon na Josephine



Mara nyingi watu hutujia wakisema, "Ndoa yangu imekwisha kuvunjwa." Tukiwauliza imevunjwa na nani, hunyamaza. Mmoja amefukuzwa nyumbani tu, mwingine ndugu zake wamerudisha mahari, mwingine ana barua ya tribinali. Hayo si jambo moja. Mama aliyefukuzwa bila hukumu angali mke mbele ya sheria, hata kama mumewe amekwisha kuingiza mwingine nyumbani. Ili tufahamu tofauti hizo, tutazame nchi ya Ufaransa, maana sheria zake zilipitia Ubelgiji zikatufikia sisi huku Kongo.

Wakati wa wafalme, Wafaransa waliopatwa na taabu katika ndoa waliweza kutengana tu. Kila mmoja alikaa kwake na mali yake, lakini kifungo cha ndoa kilibaki, wala hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Tarehe 20 Septemba 1792 wakuu wa Mapinduzi walileta talaka, nayo hukata kifungo chenyewe. Waliufungua mlango wazi mno: ilitosha mtu kusema kwamba tabia zao hazipatani.

Kitabu cha sheria cha Napoleon, cha mwaka 1804, kiliupunguza mlango huo na kurudisha utengano. Talaka kwa ajili ya kosa iliruhusiwa kwa uzinzi, kwa mapigo na matusi makubwa, au kwa hukumu ya aibu. Lakini mizani haikuwa sawa: mke aliweza kuachwa kwa uzinzi wowote, bali mume hakushtakiwa ila kama amemweka hawara katika nyumba yao. Twaona wazi kwamba walioiandika walikuwa wanaume! Talaka ya mapatano ilikuwapo pia, kwa masharti magumu: isiombwe kabla ya miaka 2 ya ndoa wala baada ya miaka 20, wala mke asiwe amepita miaka 45.

Mwaka 1809 Napoleon, aliyekuwa sasa Kaisari, alitaka kumwacha mkewe Josephine, kwa kuwa hakumzalia mrithi. Josephine alikuwa na miaka 46. Basi sheria ya Kaisari ilimfungia Kaisari njia. Akapitia kwa Baraza la Senati, nalo likaivunja ndoa ya serikali tarehe 16 Desemba.

Lakini wawili hao walikuwa wamebarikiwa pia na Kardinali Fesch, mjomba wa Napoleon, mwaka 1804, karibu na siku ya kutawazwa. Senati haikuwa na uwezo juu ya ndoa hiyo. Kwa hiyo mwezi wa Januari 1810 baraza la Kanisa la Paris lilitamka ubatili. Ubatili hauvunji ndoa. Husema kwamba haikuwa ndoa tangu mwanzo. Sababu waliyotoa ni kwamba paroko na mashahidi waliotakiwa hawakuwapo. Papa Pius VII hakuamua neno hilo. Alikuwa mfungwa wa Napoleon huyo huyo. Kaisari alipomwoa Marie-Louise, makardinali 13 walikataa kuhudhuria ibada ya arusi, nasi twawaelewa.

Mwaka 1816 Ufaransa ilifuta talaka, watu wakabaki na utengano tu. Mwaka 1884 talaka ilirudi, kwa kosa peke yake. Ile ya mapatano ilingoja mpaka 1975. Ubelgiji, iliyokuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Ufaransa, ilishika kitabu cha 1804.

Kwetu Kongo, sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 husema kwamba talaka hutolewa na tribinali, tena mwamuzi hujaribu kwanza kuwapatanisha. Hutolewa ikionekana kwamba umoja wao umeharibika hata hauwezi kutengenezwa. Kurudisha mahari nyumbani kwa wakwe si hukumu. Mama yule aliyefukuzwa aende kwenye tribinali ya amani, achukue na karatasi yake ya ndoa. Na akidhani kwamba ndoa yake ya kanisani haikuwa halali tangu siku ya kwanza, amweleze paroko, maana barua ya tribinali haijibu neno hilo.